Sadaka ya mavuno: mahindi yapi, na yatoke lini?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinauliza kumshukuru Mungu kwa mavuno kunaanzia wapi ghalani. Tumechagua nne.

Katika ibada ya mavuno waumini walileta mahindi ya kuwasaidia wajane na yatima. Tuliyamimina pamoja katika chumba cha stoo. Baada ya miezi mitatu karibu nusu yamegeuka unga, mengine yananuka uvundo. Wapo wanaosema watu walitoa kwa mioyo isiyo safi. *Mzee wa kanisa, Urambo*

Shikamoo mzee wetu. Tunaomba msiwahukumu waumini, maana yaliyotokea yana sababu inayoonekana kwa macho. Unga mwingi namna hiyo ni kazi ya dumuzi, yule ambaye wakulima wengi humwita Skania. Taarifa za kwanza za mdudu huyu barani Afrika zilitoka mkoani kwenu Tabora, mwaka 1981. Fukusi wa kawaida hutoboa punje na kuacha unga kidogo. Dumuzi husaga. Tena hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa hiyo anayechelewa kupukuchua humleta stoo bila kujua.

Uvundo ni jambo jingine: ni unyevu. Debe moja bichi kutoka nyumba moja, likimiminwa juu ya madebe ishirini makavu, huupasha joto mwili mzima wa lundo. Ndiyo maana kosa kubwa lilikuwa pale mlipochanganya kabla ya kupima.

Mwakani wekeni meza mlangoni, na kila mzigo upimwe hivi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hata hayo yaanikeni tena siku moja au mbili juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa sababu mahindi ya kuhifadhi kwa miezi mingi yanatakiwa yafike asilimia 13. Mzigo uliokutwa mbichi usirudishwe nyumbani kwa aibu. Upokeeni kwa shukrani, uanikeni pembeni.

Kisha tumieni mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu. Jazeni mfuko wa ndani, kamueni hewa kwa mikono, sokoteni shingo, kunja, fungeni kwa kamba. Fanyeni hivyo hivyo kwa wa pili, halafu wa nje. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, na hapahitajiki dawa ya unga. Msifungue kabla ya wiki tatu. Panga juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, na jihadharini na panya: tundu moja linaharibu kila kitu.

Yaliyokwisha kuota ukungu msiwagawie watu, wala msiwape kuku. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiishi kwa kupika wala kwa kukoboa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yatima hapaswi kupewa kwa jina la Bwana chakula ambacho mtoaji asingempikia mwanawe.

Assalaamu alaykum. Nimevuna magunia 8 ya mahindi na 3 ya maharage, yote kwa mvua. Zaka yangu ni kiasi gani? *Msomaji wa Ujiji, shamba liko Uvinza*

Waalaykumu salaam. Kiwango cha chini cha mavuno yanayotolewa zaka ni wasaki tano (kipimo cha kale), ambazo wengi hukadiria kuwa kilo 653. Lakini usihesabu magunia, pima kilo: gunia la lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja. Tuseme yako ni ya kilo 100, yamepukuchuliwa na kukauka. Mahindi kilo 800 yamevuka kiwango, na kwa kuwa ni ya mvua unatoa sehemu moja ya kumi, yaani kilo 80. Ungemwagilia kwa gharama ya pampu ingekuwa nusu yake, kilo 40. Maharage kilo 300 hayajafika, na kwa madhehebu ya Shafi hayajumlishwi na mahindi. Gharama za mbolea pia hazikatwi kwanza kwa madhehebu hayo. Wazazi, mke na watoto unaowalisha hawaingii katika wanaopewa. Hili la mwisho watu wengi hulikosea.

Mume wangu anataka tutoe fungu la kumi kabla ya kulipa mkopo wa mbolea na kutenga chakula. Ikifika Januari hatuna kitu. Kutenga chakula kwanza ni kukosa imani? *Mama wa watoto wanne, Kasulu*

Hapana, mama. Tenganisheni mambo mawili. Malimbuko ya Kumbukumbu la Torati 26 ni kikapu: tunda la kwanza la ardhi linapelekwa humo, na halimtishi mtu njaa. Hilo toeni mapema kwa furaha. Mkopo ni mali ya mtu mwingine iliyolala ghalani kwenu, nao ulipwe. Kuhusu chakula, kaeni na baba watoto na kalamu. Watu sita, gramu 400 za mahindi kila mmoja kwa siku, ni kilo 876 kwa mwaka. Kwa kuwa Kasulu kuna ndizi, mihogo na maharage, huenda nusu ya hizo ikawatosha. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole, mbele ya mchungaji ikibidi. Namna ya kuhesabu fungu la kumi mkubaliane ninyi wawili kabla ya kuvuna, si mbele ya lundo.

Mvua ya kwanza ikinyesha, baba anasema tupande mbegu yote kwa imani. Mimi naogopa. Wabeja, asanteni. *Kijana, Nzega*

Mheshimu baba, ila mwombe mchimbe pamoja. Fukueni hadi sentimita 20 na kamata udongo wa chini: ukifinyika na kushikamana, pandeni, ukisambaratika, mvua hiyo imelowesha juu tu, na mbegu itaota kisha ikauke. Ekari moja ya mahindi inakula kilo 8 hadi 10, kwa hiyo bakizeni walau kilo 2 za kurudishia. Mapengo yajazwe ndani ya siku 7 hadi 10 tangu mimea itokeze. Mkichelewa, mche mpya utafunikwa na wenzake na hautabeba kitu.