Uwanja wa gofu wa mtaa umechakaa: tuanzie banka au mabomba?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya viwanja katika mtaa wetu wa makazi, upande wa Ruiru, kaunti ya Kiambu. Tuna nyumba 300 hivi zinazouzunguka uwanja wa gofu wa mashimo tisa uliojengwa miaka 18 iliyopita. Siku hizi mabomba ya kunyunyizia maji yanapasuka kila mara, banka (zile sehemu za mchanga) zinageuka vidimbwi wakati wa masika, grini ya nne (eneo la nyasi fupi lenye shimo la kulengwa) ina vipara, na nyumba mbili kando ya shimo la saba zinavunjiwa vioo. Mkandarasi mmoja ametuandikia bei ya kujenga upya banka zote kwa mchanga mweupe wa pwani. Mwingine anataka tuanze na jumba la klabu. Wakazi wasiocheza wanasema hawatoi hata shilingi. Tuanzie wapi, na je, tufunge uwanja wote au tufanye kidogo kidogo?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kueleza mambo waziwazi. Kwanza kabisa, kamati isitie sahihi mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Yote inaanzia juu, na shida ya uwanja wenu iko chini, kwenye maji: kuna mahali hayatoki yanapotakiwa kutoka, na kuna mahali hayafiki yanapohitajika. Mkijenga banka mpya sasa, fundi wa mabomba atakuja kuzichimba tena mwakani.

Umri wa uwanja wenyewe unaeleza mengi. American Society of Golf Course Architects, chama cha wasanifu wa viwanja vya gofu cha Marekani, kimechapisha makadirio ya muda ambao kila sehemu ya uwanja hudumu. Mchanga wa banka ni miaka 5 hadi 7, mabomba ya kutoa maji chini ya banka 5 hadi 10, mfumo wa kuendesha vinyunyizio 10 hadi 15, kituo cha pampu 15 hadi 20, na grini 15 hadi 30. Kwa miaka 18, basi, karibu kila kitu chenu kimefika ukingoni kwa pamoja, isipokuwa huenda grini zenyewe. Hii si ishara ya uzembe wa mtu. Ila inamaanisha kwamba kukarabati kipande kimoja kimoja kila kinapoharibika kutawagharimu zaidi kuliko mpango mmoja uliofikiriwa vizuri.

Kabla ya mchoro wowote, tafuteni ukweli wa ardhi yenu. Eneo la Ruiru udongo hubadilika ndani ya mwendo mfupi: upande wa magharibi ni mwekundu na unapitisha maji vizuri, na kadiri unavyoshuka mashariki unakutana na ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo mweusi ndio adui wa mabomba magumu ya PVC, kwa sababu unayasukuma juu na chini kila msimu hadi maungio yanaachia. Chimbeni mashimo ya majaribio kwenye kila feawei (njia ya nyasi inayoelekea grini), mjue ni wapi udongo mweusi unaanzia. Huko wekeni mabomba ya polithini yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa, kwani yanapinda bila kuvunjika. Pelekeni pia maji ya kisima maabara, hasa mpimiwe chumvi na sodiamu.

Sasa tupige hesabu ya maji, maana hapa ndipo mipango mingi huanguka. Kiangazi nyasi zenu zitahitaji takriban milimita 4 kwa siku, na hizo ni mita za ujazo 40 kwa kila hekta. Tuseme mnanyunyizia hekta 12: ni mita za ujazo 480 kila siku. Kisima kinachotoa mita za ujazo tano kwa saa, kikipigwa saa 20, kinatoa 100 tu. Hakuna pampu mpya itakayoziba pengo hilo. Lakini tazameni mlicho nacho. Nyumba 300, kila moja na watu wanne wanaotumia lita 100 kwa siku, zinatoa hadi mita za ujazo 120 za majitaka kila siku. Yakisafishwa vizuri katika mtambo wenu, yanatosha karibu hekta tatu mwaka mzima. Grini tisa zote kwa pamoja, zikiwa na mita za mraba 500 kila moja, hazifiki hata nusu hekta. Kwa hiyo grini na tii zenu (sehemu za kupigia mpira wa kwanza) zinaweza kuwa na maji ya uhakika hata mwaka wa ukame, bila kugusa maji ya kunywa ya mtu.

Halafu kuna mapaa. Paa la mita za mraba 200 mara nyumba 300 ni mita za mraba 60,000. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata tukiondoa moja ya tano inayopotea, mnapata zaidi ya mita za ujazo 40,000. Maji haya leo yanakimbia barabarani na kuingia kwenye banka zenu, ndiyo maana zinageuka vidimbwi. Yaelekezeni kwenye bwawa moja au mawili ndani ya uwanja, na mafuriko yanakuwa akiba. Kibali cha maji kinatoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na matumizi ya maji yaliyosafishwa pamoja na uchimbaji wa mabwawa lazima NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wahusishwe mapema. Maji hayo yaliyosafishwa yanyunyiziwe usiku, na mabango yawekwe ili watoto wasiyachezee.

Njia ya pili ya kuziba pengo ni kupunguza eneo linalonyunyiziwa. Wacheza gofu wengi huiogopa, nami naipenda kuliko zote. Kati ya 2010 na 2011, wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw walipokarabati uwanja namba 2 wa Pinehurst, North Carolina, waliondoa ekari zipatazo 35 za nyasi na kuacha mchanga na majani ya asili ya pale. Vinyunyizio vikapungua kutoka 1,150 hadi 450 hivi. Mwaka 2014 uwanja huo uliandaa US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya wanaume na ya wanawake, wiki mbili mfululizo. Wapo waliolalamikia sura yake, lakini mashindano yote mawili yalichezwa bila kijani cha ukuta hadi ukuta. Ninyi mna nyasi ndefu za asili za nyanda zenu, na zikiachwa pembeni, mbali na njia ya mpira, zitapendeza na kuvutia ndege. Kwenye feawei, kama kikuyu imeshika, iacheni. Ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na Riviera ya Los Angeles, kati ya viwanja vinavyoheshimiwa sana Marekani, ina feawei za kikuyu. Kuing'oa ili kupanda kitu kigeni ni kutupa pesa.

Banka nitazipitia haraka. Jiulizeni kwanza mnahitaji ngapi. Uwanja wa mtaa wenye wachezaji wa viwango vyote unaweza kupoteza nusu ya banka zake na mchezo ukawa mzuri zaidi, hasa kwa wazee na wanaoanza. Zitakazobaki zichimbiwe mkondo pembezoni ili maji ya mteremko yasiingie, mabomba ya chini yawekwe upya, kisha mchanga wa sentimita 10 hadi 15 sakafuni. Kuhusu mchanga mweupe wa pwani: punje za ufukweni mara nyingi ni za mviringo, mpira unazama na kubaki humo, na zinaweza kuja na chumvi. Tafuteni mchanga wenye punje za pembepembe, uliooshwa, na upimwe maabara kabla ya lori la kwanza kuingia. Weupe si kipimo.

Grini ya nne nadhani ina tatizo la jua. Nyasi laini ya bamuda inataka karibu saa nane za jua la moja kwa moja. Ninyi mko karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri liko juu sana, kwa hiyo kivuli kinachoua nyasi ni cha asubuhi na cha alasiri. Miti ya mashariki na magharibi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Mtu asimame pale kila saa, siku moja mwezi Juni na nyingine Desemba, aandike. Mara nyingi kupunguza miti michache, kwa kibali cha kuikata, kunafanya kazi ambayo grini mpya ya mamilioni isingeifanya, kwa sababu hata grini mpya ikiwekwa kivulini itakufa vilevile.

Grini nyingine zisibomolewe kabla ya kupimwa. Chukueni sampuli za udongo, muone tabaka la mizizi iliyokufa lina unene gani na maji yanazama kwa kasi gani. Kama ni nzuri chini, kutoboa, kutia mchanga na kurudisha kingo kunatosha. Grini zote hupungua ukubwa kwa miaka kwa sababu mashine ya kukata huingia ndani kidogo kidogo. Itakayolazimu kujengwa upya ifuate mapendekezo ya USGA, chama cha gofu cha Marekani, yaliyotolewa kwanza mwaka 1960: sentimita 30 za mchanga uliochanganywa kitaalamu, juu ya sentimita 10 za kokoto, na mabomba ya kutoa maji chini yake.

Suala la vioo lisichukuliwe kirahisi, maana kesho linaweza kuwa jicho la mtoto. Wavu si jibu la kwanza. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia na mpira wao ukipotea hupinda kulia, kwa hiyo naamini nyumba hizo ziko kulia kwa shimo la saba. Wasanifu wengi huanza na umbali wa mita 50 hadi 60 kutoka katikati ya feawei hadi mpaka wa nyumba. Pimeni umbali wenu. Kama ni mdogo, sogezeni tii ili ielekeze mbali na nyumba, au fupisheni shimo liwe la mapigo matatu. Jambo hili litangulie mengine yote kwenye mchoro, kwa sababu likibadilika linahamisha mabomba, banka na grini.

Kwa mashimo tisa, nashauri mfunge wote kwa pamoja. Mkandarasi analeta mitambo mara moja, na nyasi zinakua kwa umri mmoja. Mitaro na mabwawa yaanze Juni masika yakishaisha, mabomba yafuate Julai na Agosti, upandaji uanze Septemba jua linaporudi, kisha mvua za vuli zisaidie ukuaji. Miteremko wekeni nyasi za vipande vilivyokatwa tayari, zisitupwe mbegu wala vijiti, kwa maana mvua moja ya Novemba itaziosha zote. Mkifungua Februari mtakuwa mmefanya haraka.

Kuhusu wasiocheza, wana haki ya kuuliza. Someni hati kwanza: ardhi ya uwanja ni ya nani, mali ya pamoja ya wenye nyumba au ya kampuni iliyojenga mtaa? Jibu hilo linaamua nani anaweza kutozwa. Kisha gaweni bajeti mara mbili. Mitaro, mabwawa, mtambo wa majitaka, njia za kutembea na usalama wa shimo la saba ni miundombinu ya mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba ichangie. Grini, banka, tii na jumba la klabu vilipwe na wanachama na ada za mchezo. Nimeona mikutano iliyokwama miezi mingi ikifunguka siku hesabu hizo zilipotenganishwa, kwani mama asiyecheza gofu hukubali kulipia mtaro unaokinga sebule yake.

Hatua yenu ya wiki ijayo ni kumwajiri msanifu na mtaalamu wa nyasi wasio na uhusiano na mkandarasi yeyote, wawaandalie mpango kamili na orodha ya kazi, halafu ndipo mtangaze zabuni ili wote wapange bei kwa kazi ileile. Tengeni asilimia 15 ya dharura. Zuieni asilimia kumi ya malipo hadi masika ya kwanza yapite na banka zionekane zikikauka. Na malipo ya mwisho yasitoke kabla ya mkandarasi kukabidhi ramani inayoonyesha kila bomba na kila vali ilipozikwa.