Maswali na majibu: Mzazi, kitabu chenyewe umekifungua?

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwenye vikao vya wazazi hapa Dodoma, na yanahusu elimu ya uzazi na jinsia shuleni. Kuna shule ambako kikao cha kupanga mchango wa chakula cha mchana kiligeuka ugomvi wa nani anawaharibu watoto, na mahindi hayakujadiliwa kabisa. Majina nimeyaacha.

Mama, Kizota: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Baba yake amefungua daftari la Sayansi akakuta picha ya viungo vya uzazi vya mwanamke, na majina yake yote. Anasema huo ni uchafu, atamhamisha shule. Nimjibuje?

Marahaba mama. Picha uliyonitumia nimeiangalia vizuri. Mji wa mimba kaupaka kalamu nyekundu mpaka karatasi imelowa, mirija kaichora kama pembe za ng'ombe wa Kigogo, "ovari" kaandika "ovali", na mwalimu kampa 8 kwa 10. Ningemkata alama moja zaidi kwa hiyo ovali. Uchafu sijauona.

Mwambie mzee kwamba akimhamisha atayakuta hayohayo huko aendako. Mtaala unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani ya taifa inatungwa na Baraza la Mitihani, uwe Kizota au Kibaigwa. Yeye mwenyewe kama alipita sekondari, maswali ya uzazi aliyajibu kwenye Baiolojia.

Ila usimbeze. Wababa wengi wanaokasirikia daftari wamestuka tu kwamba mtoto amekua. Muulize swali moja: siku damu ikimtoka darasani, anataka binti ajue ni nini, au adhani ameumia? Nimefundisha miaka mingi, nimewaona wanaofunga sweta kiunoni na kubaki kwenye dawati mpaka wenzao wote watoke. Wengine kesho yake hawaji.

Baba, Ipagala: Naweza kuomba mwanangu atoke nje mada hiyo inapofundishwa?

Hapana, baba. Sayansi si kipindi cha dini, ambacho watoto hugawanyika kila mmoja kwa imani yake. Hata Uingereza, ambako tangu 2020 mzazi wa shule ya sekondari anaweza kuomba mwanawe asikae kwenye elimu ya ngono, Sayansi haiguswi.

Baba, Nkuhungu: Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka video ya mwalimu wa Kizungu akiwaambia watoto wadogo kwamba mvulana anaweza kuwa msichana. Wenzangu wanasema ndiyo mtaala mpya huo unaokuja kwetu. Tunaombwa tusaini barua ya kupinga. Nisaini?

Usisaini barua ya kupinga kitu ambacho hakuna aliyekuonyesha kimeandikwa wapi.

Video inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini ni ugomvi wa watu wengine na una historia yake. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Majimbo na bodi za wilaya ndizo zinazoamua, kwa hiyo jimbo hili linafundisha kile ambacho jirani yake amekipiga marufuku. Florida mwaka 2022 ilitunga sheria ya kuzuia mada za mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia kufundishwa kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Huko Maryland, Kaunti ya Montgomery, shule zilianza kuwasomea watoto hadithi zenye wahusika wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsi, kisha zikaacha kuwaruhusu wazazi kuwatoa watoto wao. Wazazi, Waislamu na Wakristo, wakaungana kwenda mahakamani. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi kwa majaji 6 dhidi ya 3. Angalia lakini walichodai: taarifa mapema na ruhusa ya kumtoa mtoto wakati vitabu hivyo vinasomwa. Na vitabu walivijua kwa majina.

Kwetu, mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mihtasari iko kwenye tovuti ya Taasisi ya Elimu. Kama bando ni tatizo, mwalimu wa taaluma anayo nakala. Na nchi hii ndiyo ile ambayo Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili, na ambayo Kanuni yake ya Adhabu inahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai. Anayesema serikali hiyohiyo imeingiza mada hiyo kimyakimya aonyeshe ukurasa.

Jinsia iliyofundishwa kwenye Uraia ya sekondari miaka yote ilikuwa habari za nani anachota maji, nani anarithi shamba, na kwa nini binti anatolewa shule kaka yake akaendelea. Na hiyo nayo ina wapinzani wake huku kwetu, tusidanganyane. Wapo wanaume ambao mvulana kuosha vyombo kunawaudhi kuliko video yoyote ya Mzungu. Basi waseme hivyo kikaoni, tubishane juu ya kilichopo.

Jingine, baba. Watoto wanashika simu zetu. Mvulana mwenye sauti laini, au anayependa kuruka kamba na wasichana, ndiye anayepigwa njiani kwa sababu ya vitu tunavyosambaza usiku tukiwa tumejifunika shuka.

Mjumbe wa kamati ya shule, Bahi: Kuna shirika linataka kugawa pedi na kutoa semina ya afya ya uzazi. Nusu ya wazazi hawataki. Tuwafukuze?

Pedi pokeeni. Kodi ya ongezeko la thamani ilitolewa kwenye pedi mwaka 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, na mzazi wa kijijini anajua mwenyewe anachagua nini kati ya pakiti moja na kilo ya unga.

Semina ndiyo ya kuuliza. Wana kibali cha halmashauri? Vitabu wanavyoleta vina ithibati ya Kamishna wa Elimu? Nani wa shule atakuwemo chumbani? Ombeni kuviona vitabu siku chache kabla, wapeni wazazi wawili wanaopinga na wawili wanaounga mkono wavisome pamoja. Matron, yaani mwalimu mlezi wa wasichana, akae ndani mwanzo mpaka mwisho. Wakikataa masharti hayo, waageni kwa heshima.

Mama, Chamwino: Mama mkwe wangu anasema shule inawafundisha mabinti mambo ya siri bila adabu, kazi hiyo ni ya bibi na ya unyago. Pia anasema mwanangu mchanga ana lawalawa na anataka kumpeleka kwa mama mmoja "akatibiwe". Mume wangu yuko kimya.

Dada, naanza na mtoto. Mbebe leo umpeleke zahanati. Hicho kinachoitwa lawalawa ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya ukeni: muwasho, uchafu, kulia wakati wa kukojoa. Kinatibika kwa dawa na usafi. Tiba anayoitaka mama mkwe ni ukeketaji, na tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Hapa kwetu si habari ya mbali: utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta Dodoma wanawake 47 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Wengi siku hizi wanakatwa wakiwa wachanga ili mtu asijue, na lawalawa ndiyo sababu inayotolewa. Mume wako akiendelea kunyamaza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haina malipo.

Sasa unyago. Mama mkwe ana hoja, usimkatalie yote. Bibi anafundisha usafi, heshima, namna ya kujiweka, na anafundisha kwa nyimbo ambazo binti hatazisahau mpaka uzeeni. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana nafasi ya hayo. Tatizo ni pale ngoma ikiisha na binti akaambiwa sasa amekuwa mwanamke. Mwanamke wa darasa la saba? Wajomba wanasikia, na wenye ng'ombe wa mahari nao wanasikia. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mwambie mama mkwe amfundishe mjukuu usafi na heshima kadiri anavyojua, ila hilo la ukubwa lingoje.

Mwalimu kijana, Mpwapwa: Nikifika mada ya uzazi darasa zima linacheka. Mzazi mmoja alikuja kunifokea ofisini kwamba nawafungua macho. Sasa nairuka tu.

Usiiruke, mwanangu. Waache wacheke dakika mbili, cheka nao, kisha andika ubaoni. Tumia maneno ya kitabu, usiyapake rangi. Mwambie mkuu wako wiki moja kabla, na kikao cha wazazi kijacho soma mada yenyewe kwa sauti, wataona ilivyo kavu.

Huyo wa kufungua macho, mjibu kwamba UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipotoa mwongozo wake wa elimu ya jinsia na uzazi mwaka 2018 ilipitia tafiti nyingi na haikuona kwamba elimu hii inawaharakisha vijana kuanza ngono. Kama hataki ya UNESCO, kuna ya nyumbani: utafiti wa taifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mtoto asiyejua jina la kiungo chake atamwelezaje mama yake alichofanyiwa?

Wazazi, Kongwa: Shule yetu ya kata imempokea tena binti aliyejifungua. Tumeandaa barua aondolewe, maana atawafundisha wenzake tabia mbaya. Tuipeleke kwa nani?

Msiipeleke popote. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni, kwa waraka wa elimu wa mwaka huo. Mwalimu mkuu aliyempokea anafuata utaratibu.

Rasimu mliyonitumia nimeisoma yote, kurasa mbili. Binti ametajwa kila aya. Mama yake ametajwa, malezi yake, hata sketi yake. Mwanaume aliyempa mimba hayumo hata mstari mmoja, na Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa 2016 inampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Mkitaka kuandika barua, anzeni upya, muipeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi.