Ukija Ubelgiji, tenga siku moja ya Puurs-Sint-Amands

Ndugu na marafiki wanaonitembelea Ubelgiji karibu wote wana orodha moja: Brussels, Brugge, basi. Sibishani nao, miji hiyo inapendeza kweli. Ila kila mara nawasihi watenge siku moja ya manispaa ndogo ya Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, mahali ambapo watu wapo kazini kwao na hawakusubiri mtalii. Mimi hupenda kuwapeleka Puurs-Sint-Amands, kusini kidogo ya Antwerp. Zamani zilikuwa manispaa mbili. Ziliunganishwa mwanzoni mwa 2019. Treni ya kutoka Antwerp au Mechelen inakushusha Puurs.

Huenda umewahi kusikia habari zake bila kujua. Kiwanda cha Pfizer kilichopo Puurs ndicho kilichojaza chupa za chanjo ya Uviko-19 zilizosambazwa nchi nyingi kuanzia Desemba 2020, zikisafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kiwandani watalii hawaingii, kwa hiyo usipoteze muda getini. Pita, tazama, endelea.

Muda wako upeleke Sint-Amands, mtoni. Mto Scheldt hapa unapinda, ni mpana, na maji yake hujaa na kupwa ingawa bahari iko mbali. Aliyekulia Tanga au Lamu atajisikia nyumbani: maji yakipwa, tope linang'aa na ndege wanashuka kutafuta riziki. Ukingoni kabisa yupo mshairi Émile Verhaeren na mkewe Marthe, katika kaburi la mawe meusi linalotazama mto. Alizaliwa kijijini hapo 1855. Aliandika katika shairi kwamba akifa azikwe kando ya Scheldt. Akafa 1916 kwa kugongwa na treni huko Rouen, Ufaransa, na mwili wake ukaletwa hapa 1927. Kaa pale, usiwe na haraka. Makumbusho yake yako jirani.

Verhaeren alikuwa Mflemi, yaani mtu wa Flanders, aliyeandika kwa Kifaransa, na hapo nina neno kwa wenzangu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Kifaransa kinachokufikisha popote Brussels, huku usikitangulize. Ofisi za manispaa zinahudumia kwa Kiholanzi, na mtaani pia hali ni hiyohiyo. Ukiingia dukani anza na "goeiendag", hata kama hujui zaidi ya hapo. Nimeona sura za watu zikibadilika kwa salamu hiyo tu. Wazee wa huku ni wakimya mwanzoni, lakini wakishakuzoea watakueleza habari za mto mpaka ukumbuke treni yako.

Kijiji cha Breendonk, ndani ya manispaa hii, ndiko inakotengenezwa bia ya Duvel. Kiwanda ni cha ukoo wa Moortgat tangu 1871. Pombe mimi situmii, ila ziara yake naipendekeza hata kwa asiyekunywa, maana utajifunza jinsi hamira inavyofanya kazi na kwa nini bia moja inachukua takribani siku 90 kuwa tayari. Weka nafasi mapema.

Usichanganye kijiji hicho na Ngome ya Breendonk, ambayo iko jirani, upande wa Willebroek. Wanazi waliifanya kambi ya wafungwa kuanzia 1940, na zaidi ya watu 3,500 walipitia humo. Nenda, lakini siku nyingine. Ukitoka humo hutakuwa na moyo wa kuendelea na matembezi, na watoto wadogo usiwapeleke.

Msimu mzuri ni Mei. Asparaga nyeupe, mboga ya machipukizi, zinakuwa sokoni. Hukuzwa chini ya matuta ya udongo zisipate jua, na mkulima huzichimbua moja moja kwa mkono. Agiza zilizopikwa kwa namna ya Flanders, na siagi, yai lililochemshwa na parsley, jani linalofanana na kotimiri. Ukija kiangazi, ulizia treni ya mvuke inayokwenda Dendermonde, inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Na ukiwa na baiskeli, Sint-Amands kuna kivuko kidogo cha kukuvusha Scheldt hadi upande wa Moerzeke, bila nauli. Ratiba iangalie kabla hujatoka nyumbani.