Maswali Yenu: Sabuni na Mafuta kwa Ngozi Nyeti

SWALI: Mwanangu ana miaka mitatu. Ngozi ya mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa ngumu na nyeusi kuliko kwingine, na usiku anajikuna hadi anatoka damu. Nimeshabadilisha sabuni za watoto mara nne. Kila siku natia kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu kwenye maji yake ya kuoga. Ninunue sabuni gani?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Unavyoeleza inafanana sana na pumu ya ngozi (eczema), ingawa daktari ndiye atakayethibitisha kwa kumtazama. Haitokani na uchafu, wala haiambukizi. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, acha leo hii ile dawa ya kwenye maji. Inazidi kukausha na kuchoma ngozi ambayo tayari imepungukiwa na mafuta yake ya asili.

Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha uasidi, ambacho namba ikipanda uasidi hupungua) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Ndiyo maana ngozi ya mtoto hukaza na kuwasha mara tu akitoka kuoga. Tafuta kiosheo ambacho lebo yake ina maneno "soap-free" au "syndet", yaani kisichotengenezwa kwa sabuni, kisha geuza chupa usome orodha ya viambato: kusiwe na "parfum" wala "fragrance". Sabuni nyingi za watoto zina manukato, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi. Huenda zile nne ulizobadilisha zilikuwa na tatizo hilo hilo. Bei ikikushinda, tumia sabuni isiyo na harufu, kidogo tu, kwapani, kinenani, makalioni na kwenye nyayo. Kwingine maji matupu yanatosha.

Maji yawe vuguvugu, aoge dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Mkaushe kwa kumgandamiza taulo taratibu, usimsugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, mpake mafuta ya mgando ya kawaida. Kuwa makini hapa: kopo lenye picha ya mtoto mara nyingi ndilo lenye manukato, na lile la kawaida ndilo salama zaidi. Chota kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu koponi, na upake kuelekea vinyweleo vinakolalia, maana ukipaka kinyume vinyweleo huziba na kutoa vipele.

Wazazi wengi hukosea kwenye kiasi. Mtoto ambaye pumu ya ngozi imemsambaa mwilini anaweza kutumia gramu 250 kwa wiki. Kopo la ukubwa huo likikaa miezi miwili nyumbani kwenu, anapakwa kidogo mno. Mpake asubuhi na jioni, hata siku ambazo hawashwi. Na kwa kuwa nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto haraka, asikaribie jiko wala kibatari.

Ukiona majimaji, ukoko wa njano, homa au malengelenge yenye maumivu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Losheni ikiandikwa "hypoallergenic", inatosha kuiamini kwa familia nzima?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Haitoshi. Neno hilo hudai kwamba losheni haileti mzio kwa urahisi. Lakini hata Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haina kigezo cha kisheria cha neno hilo. Kila kiwanda hulitumia kinavyoona. "Unscented" nalo lisikudanganye, kwani losheni inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine. Unalotafuta ni "fragrance-free". Mafuta ya mlavenda au ya maganda ya machungwa ni manukato pia, hata yakiitwa ya asili. Epuka vilevile "methylisothiazolinone", kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini, kwa sababu ya wingi wa mzio.

Kila mwenye ngozi nyeti aijaribu kwanza mwenyewe. Apake sehemu yenye ukubwa wa sarafu ndani ya kiwiko, kwenye ngozi isiyo na upele, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Siku moja haitoshi, kwani mzio huweza kuchelewa. Ikiwasha au ikivimba, aiache.

SWALI: Bibi anataka mjukuu apakwe mafuta ya nazi, mimi nimenunua ya zaituni. Nani yuko sahihi?
Baba mpya, Tanga

JIBU: Bibi. Mafuta ya zaituni yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo hulegeza utando wa juu wa ngozi. Ya nazi yawe masafi na yasiyochacha. Yale ya kupika nyumbani yakibaki na maji huharibika upesi. Mpake ngozi ikiwa na unyevu. Lakini mwombe bibi, kwa heshima, asichanganye na liwa wala asifukize nguo za mtoto kwa udi.

SWALI: Kuna krimu ya sokoni inayomaliza upele wa mtoto kwa siku tatu. Ukiacha, unarudi mkali zaidi. Mimi mwenyewe naitumia kung'arisha uso.
Dada wa Mwanza

JIBU: Dada, krimu inayofanya hivyo tunaishuku kuwa na steroidi kali kama clobetasol. Hupunguza uvimbe haraka, lakini ikitumiwa bila usimamizi hukondesha ngozi na kuacha michirizi, na kwa mtoto huingia hadi kwenye damu. Kama mmeitumia kwa wiki nyingi, msiikatishe ghafla wenyewe. Nendeni na kopo lake kwa daktari wa ngozi, awapangie namna ya kuipunguza.

Mkorogo wa kung'arisha unaweza pia kuwa na zebaki. Kwenye lebo huandikwa "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", na mara nyingine haitajwi kabisa. Zebaki hiyo humfikia mtoto kupitia mikono yako, taulo na mto mnaolalia pamoja, hata kama yeye hajapakwa. Fua vitambaa hivyo peke yake, na umweleze daktari kila ulichopaka wewe, si alichopakwa mtoto tu.