Jogoo anamkosesha jirani usingizi

SWALI: Nipo Tabata, nina mitetea 8 na jogoo mmoja. Anawika saa 10 alfajiri, chini ya dirisha la mama jirani. Masika hii na banda linanuka. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, jogoo muuze. Mitetea hutaga bila yeye. Anahitajika ukitaka vifaranga tu.

Harufu ni unyevu. Chota maranda ya bandani, yafinye kiganjani: yakishikana donge, yatoe, mwaga makavu. Kwangu Mbagala yaliloa kila siku, kumbe kuku walikuwa wanamwaga maji ya kunywa. Nikainua chombo juu ya tofali, kimo cha migongo yao, harufu ikakata.

Na huyo mama mpelekee mayai leo, umpe pole.