Mashine Isome, Kalamu Ibaki Kwako

Hadithi iliyoandikwa na akili mnemba (AI, mashine kama ChatGPT) mara nyingi haina kosa la tahajia, na hapo ndipo inapodanganya. Ukiipitia harakaharaka unaridhika. Isome kwa sauti, utasikia wahusika wote wanaongea kama wageni rasmi kwenye mahafali.

Mashine hukisia kipande cha neno kinachofuata kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyofunzwa nayo. Kilichozoeleka ndicho kinachotoka: moyo unadunda, machozi yanatiririka mashavuni, jua linazama. Kwenye Kiswahili linaongezeka jingine. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo sentensi nyingi zina mifupa ya Kiingereza chini ya ngozi ya Kiswahili: "mwisho wa siku", "alicheza nafasi muhimu", "haikuwa barua tu, bali ilikuwa ahadi". Methali nayo huweza kutungwa papo hapo, ikaletwa kana kwamba ni ya wahenga. (Na kama mhusika wako anaitwa Amina na jina hukulichagua wewe, mbadilishe. Mashine ina Amina wengi mno.)

Kwa hiyo rasimu ya kwanza andika mwenyewe, hata ikiwa mbovu. Tuseme binti anataka kuondoka kwao. Mashine itamwandikia hivi: "Mama, nimeamua kuondoka ili nikatimize ndoto zangu." Binti wa kweli anauliza, "Mama, lile begi kubwa liko wapi?" Mama anaendelea kukunja nguo, hajibu. Mashine haivumilii jambo lisilosemwa; ukiiambia iongeze hisia, itaongeza machozi. Rasimu ikishapita mikononi mwake, kile kimya cha mama ndicho kinachofutwa kwanza, na usipokuwa na nakala yako hutakumbuka kilikuwepo.

Inapofaa sana ni kwenye kusoma. Ipe sura moja kwa wakati, maneno 1,500 hadi 2,000, pamoja na muhtasari mfupi wa yaliyotangulia: majina, umri, siku, nani anajua siri gani. Ukimwaga riwaya nzima kwa mkupuo, mambo ya katikati huyaparaza, kisha inakujibu kwa kujiamini kana kwamba imesoma kila neno. Agizo liwe kama hili: "Usiandike upya sentensi yoyote. Niulize maswali 10 ya msomaji ambaye hajaelewa, na kila swali linukuu sentensi iliyolizusha." Nukuu ni muhimu, maana bila hiyo huweza kukulaumu kwa jambo ambalo hukuliandika. Pia usiseme kazi ni yako. Sema ni ya mtu mwingine, kisha uliza ni aya zipi 3 ambapo msomaji angechoka na kukiweka kitabu chini. Ukisema ni yako, jiandae kusifiwa.

Ushairi wa arudhi, yaani unaofuata kanuni za vina na mizani, ni balaa jingine. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo 4 kwa ubeti, kila mmoja mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Mashine haioni silabi. Inaona vipande vya maneno vilivyokatwa popote pale. Chukua mshororo huu: "Mtunzi shika kalamu, mashine isikuzuge." Hesabu ukipiga vidole mezani: m-tu-nzi, shi-ka, ka-la-mu, nane. Ma-shi-ne, i-si-ku-zu-ge, nane. Ile "m" ya mwanzo ni mizani kamili. Mashine ikiimeza itapata saba, halafu itakushauri uongeze neno na kuuvuruga mshororo uliokuwa mzima. Itumie kukutafutia maneno yanayoishia na kina fulani, ila kila neno lihakiki kwenye kamusi.

Kabla ya kutuma kazi popote, soma masharti. Februari 2023 Clarkesworld, jarida la Marekani la hadithi za kubuni za kisayansi, lililazimika kufunga kwa muda upokeaji wa hadithi kwa sababu ya mafuriko ya kazi za mashine. Tangu Septemba 2023, anayechapisha kupitia KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, hutakiwa kuiambia Amazon kama matini, picha au tafsiri imezalishwa na akili mnemba. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani nayo husajili tu sehemu iliyotungwa na binadamu, na mwombaji lazima aitaje ile ya mashine.

Kuna pia kusingiziwa. Programu za kugundua maandishi ya mashine hukosea. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa ya kwake Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Kwa hiyo kila ukimaliza kuandika, hifadhi faili jipya lenye tarehe badala ya kufuta la jana, na karatasi ulizochorachora usizitupe. Mazungumzo yako na mashine yatunze vilevile. Mhariri akiuliza, utamwonyesha maswali iliyokuuliza na majibu uliyoandika kwa mkono wako.