Kabla hujafunga kulingi pleti kwenye Impreza yako, soma hapa kwanza

Wadau wa Subaru wananiuliza sana kuhusu kulingi pleti, ile pleti nyeusi ya kuelekeza upepo iliyolala juu ya rejeta kwenye Impreza STI yangu, toleo la GDB, kama inasaidia kweli au ni urembo tu. Inasaidia. Ila inasaidia gari ambayo mfumo wake wa kupoza tayari uko vizuri, kama gari yako inachemsha leo basi hiyo hela ipeleke kwingine kwanza, na nitakwambia wapi.

Kazi yake ni hivi. Fungua boneti, angalia kati ya grili na ule mhimili wa chuma unaoshika rejeta kwa juu, utaona uwazi mkubwa tu. Upepo unafuata njia rahisi, na kupenya kwenye kondensa ya AC (ile rejeta ndogo ya AC iliyokaa mbele) halafu tena kwenye rejeta sio njia rahisi hata kidogo, kwa hiyo sehemu ya upepo unaoingia kwenye grili inaruka juu, inapita chini ya boneti na kuingia kwenye injini bila kugusa rejeta kabisa. Pleti inaziba pale juu. Faida ya pili watu hawaiongelei: kwenye foleni feni zinavuta hewa kupitia rejeta na kuitupa nyuma ikiwa ya moto, sasa ile hewa ya moto inatafuta upenyo juu ya rejeta na kurudi mbele, inavutwa tena ikiwa tayari ya moto. Ukiwa umekwama Ubungo mwezi wa Februari na AC inawaka, hata msaada mdogo wa hivyo unafaa.

Lile tundu la kwenye boneti halihusiki hapa, linapeleka upepo kwenye intakula, kile kifaa cha kupoza hewa ya tabo, iliyokaa juu ya injini. Na vijana mnaonyanyua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (vile vipete vya bolti) kwenye bawaba ili joto litoke, naomba muache, pale chini ya kioo cha mbele gari ikiwa kwenye spidi kuna presha kubwa ya upepo, hewa inaingia badala ya kutoka na unaharibu mtiririko wote wa rejeta.

Sasa hela iende wapi kwanza. Ingia chini ya gari uangalie kava ya plastiki chini ya injini. Gari nyingi za hapa hazina, ilishang'oka kwenye matuta au fundi aliitoa wakati wa kumwaga oili akaiacha gereji. Ile kava kwangu mimi ni muhimu kuliko pleti, maana inazuia upepo kukimbilia chini na inasaidia hewa ya moto itoke vizuri nyuma ya rejeta, ukiziba juu na chini kuko wazi umefanya nusu ya kazi. Halafu themostati, ile valvu inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata joto. Mafundi wetu wengi gari ikichemsha tu wanatoa themostati wanatupa, wanakwambia sasa maji yatazunguka vizuri. Sikubaliani nao kabisa! Kwenye EJ20, ndiyo injini ya gari hii, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani injini bado baridi, na tatizo halisi linabaki palepale limejificha. Weka themostati nzuri, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) sio maji ya bomba, toa hewa yote kwenye mfumo kwa subira maana hizi injini za boksa, zenye pistoni zilizolala, zinashika hewa sana, na zile kofia mbili, ya kwenye rejeta na ya kwenye tanki la juu, usizibadilishane, presha zake sio sawa.

Hayo yakikaa sawa ndio tuje kwenye kufunga, na kufunga kwenyewe hakuna ugumu, spana namba 10 na bisibisi ya kung'olea klipu zinatosha. Subiri injini ipoe. Laza pleti mahali pake bila kufunga kitu chochote, kisha kagua loki ya boneti: ivute, iachie, hakikisha pleti haigusi loki wala waya wake, maana boneti ikifunguka ukiwa barabarani unazibwa macho kwenye spidi. Cha pili ni mdomo wa kuvutia hewa ya injini. Kwenye Impreza hii ule mdomo umelala palepale juu ya mhimili wa rejeta, na pleti za bei rahisi zisizotengenezwa kwa gari hii zinaweza kuufunika. Ikiufunika usifunge, injini itakosa hewa ya baridi na faida yote imepotea.

Kabla ya kufunga boneti bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya pleti sehemu tofauti, shusha boneti taratibu, fungua uangalie. Pale udongo ulipobonyezwa kabisa ndipo boneti inagusa, pakunje au pakate. Kingo zote weka mpira, na kati ya chuma na chuma bandika sponji, bila hivyo italia kila ukipita rafu. Kwa sisi wa pwani, bolti ya stenlesi ikikaa moja kwa moja kwenye alumini na hii hewa ya chumvi, alumini inaliwa, tumia washa za nailoni au klipu za plastiki. Ukilazimika kutoboa, weka ubao kati ya drili na kondensa, ikiteleza tu AC yako imekwisha.

Kujua kama imesaidia, usitegemee mshale wa dashibodi, ule unakaa katikati hata joto likipanda nyuzi kadhaa. Funga geji ya joto inayosoma namba. Mimi kwenye barabara iliyonyooka nikiwa natembea niliona joto linashuka haraka zaidi baada ya kukanyaga mafuta, lakini nikipanda mlima Kitonga nyuma ya malori, mwendo wa kutambaa, tofauti ilikuwa ndogo sana. Ni haki yake, pale hakuna upepo wa kuelekeza, feni ndio zinafanya kazi, kwa hiyo anayepanda sana milima nyuma ya malori aangalie feni zake zote mbili kabla ya kuwaza pleti.

Kuhusu kaboni au alumini, chagua unachopenda, rejeta haijui tofauti. Na kama ya gari yako haipatikani, kata boksi la katoni upate umbo, lijaribishe na boneti ikiwa imefungwa, halafu mpelekee fundi wa bati akukatie alumini ya milimita 1.5. Mwambie akunje ukingo wa mbele kidogo kwenda chini, ndio unaoifanya isitetemeke.